Sindano ya Nane

Jumapili ile Felista alitoka ibadani akapitia sokoni kununua mikate miwili na machungwa ya safari. Alfajiri ya Jumatatu alikuwa ampeleke mumewe kliniki ya ngozi, Mbeya. Aliporudi nyumbani Mbugani, saa saba mchana, alikuta mlango umerudishiwa bila kufungwa. Kandambili za Zebedayo zilikuwa chini ya kitanda. Viatu vyake vya ngozi havikuwepo, wala koti lake la kijivu halikuwepo kwenye msumari. Jirani alimwambia, akiwa upande wa pili wa ua, kwamba shemeji yake Samsoni alikuja na bajaji akamchukua mgonjwa akauguzwe kwao, Katumba Songwe.

"Waliondoka saa ngapi?" aliuliza Sajenti Atupele.

"Sikuuliza. Nilishika kikombe chake. Chai ilikuwa imepoa."

Atupele aliandika: chai imepoa.

Ilikuwa Jumatano, siku ishirini na nne baada ya Jumapili hiyo. Zebedayo, fundi cherehani, alikufa wodini siku ya sita tangu achukuliwe, saa chache baada ya kuletwa mjini kutoka kwa kaka yake. Sasa kaka mtu alikuwa amefungua malalamiko polisi kwamba Felista alimuua mumewe kwa sindano. Jalada lilitakiwa mezani kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya Ijumaa. Likienda jinsi lilivyokuwa, Felista angelala mahabusu siku hiyohiyo. Ukoo nao ulikuwa umempa mpaka mwisho wa mwezi awe ametoka kwenye nyumba. Hawakujaliwa watoto, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuulizia kwa nini.

Sebuleni, vikombe kumi na viwili vilikuwa vimepangwa kwenye sinia, vimefunikwa kitambaa cheupe. Koplo Jubilate alikinyanyua kitambaa upande mmoja, akakirudisha.

"Mama, unategemea wageni?"

"Nilivipanga siku niliyotoka msibani," alisema Felista. "Nilidhani watu watapita kunipa pole."

Jubilate alikinyoosha kile kitambaa.

"Tuanze upya," alisema Atupele. "Hiyo sindano ilikuwa ya nini?"

"Soriasisi. Yale mabaka mekundu yenye magamba meupe. Alikuwa nayo tangu ana miaka kumi na tisa. Viwiko, magoti, mgongo wote, mpaka kichwani. Hayaambukizi, afande, lakini nani atakuamini? Alishona mashati ya watu mikono mifupi, yeye akajishonea ya mikono mirefu. Kanisani alikaa benchi la nyuma. Mkono wa amani alikuwa hapewi."

"Na sindano ilimsaidia?"

Felista aliingia chumbani akarudi na simu. Akatafuta picha, akampa. Mwanamume mwembamba alikuwa amesimama ziwani Matema, maji yanamfika kiunoni, ameipa kamera mgongo. Mgongo ulikuwa laini na mweusi, wenye alama hafifu tu kama ramani iliyofutwa. Nyuma yake ilionekana milima ya Livingstone.

"Hiyo ni baada ya sindano ya tano. Hakuwahi kuvua shati hadharani tangu tuoane."

Atupele aliangalia tarehe ya picha, akaiandika, akarudisha simu.

"Nani alikuwa akimchoma?"

"Mimi. Muuguzi alinifundisha. Mume wangu mkono ulimtetemeka."

"Nionyeshe kila kitu, tangu dawa inapoingia nyumbani mpaka inapokwisha."

Felista alionyesha. Dawa ilitoka kliniki kwenye boksi la sindano mbili, kila moja ikiwa na umbo la kalamu nene. Alibeba boksi kwenye chupa kubwa ya uji ya mdomo mpana, yenye barafu chini na taulo katikati, ili dawa isiguse barafu. Nyumbani iliingia friji, rafu ya kati, mbali na sehemu ya kugandisha. Kipimajoto kidogo kilining'inia humo mpaka sasa. Siku ya sindano, Jumamosi moja kila wiki mbili, aliitoa nusu saa kabla, akaiacha mezani ipungue ubaridi yenyewe bila kuwekwa juani wala kwenye maji ya moto. Akanawa mikono. Akasoma tarehe. Akatazama kwenye kidirisha kama dawa ni angavu. Alichoma paja la kulia, mara ya pili la kushoto, kisha tumbo, vidole vitatu mbali na kitovu. Hakuwahi kuchoma juu ya baka wala mahali penye kidonda. Kalamu iliyokwisha iliingia kwenye dumu gumu la plastiki lenye kifuniko cha kuzungusha. Mtoto wa mtu asingeweza kuokota sindano.

Dumu lilikuwa kona ya jiko. Jubilate alivaa glovu, akalimimina taratibu juu ya sinia la bati.

"Saba," alisema.

"Ulizopewa ni ngapi?"

"Nane," alisema Felista. "Maboksi manne."

"Ya nane iko wapi?"

"Niliiacha kwenye friji. Niliporudi kutoka msibani boksi lilikuwepo, sindano haikuwepo. Na ile chupa ya uji haikuwepo. Niliwaambia wenzenu waliokuja kwanza. Hawakuandika."

Atupele alifungua friji. Palikuwa na boksi tupu, kipimajoto na nusu limau. Alinakili namba ya toleo iliyopigwa ubavuni mwa boksi, akalitia kwenye mfuko wa kielelezo.

"Shemeji yako amesema kwenye maelezo yake kwamba Jumamosi ulimchoma mumeo akiwa na homa, na kalamu ukaitupa chooni."

"Jumamosi sikumchoma."

Alileta daftari la shule lenye jalada la bluu. Kila sindano ilikuwa na mstari wake: tarehe, mahali, hali. *Sindano ya 5. Paja la kulia. Hakuna baka. Tumekwenda ziwani.* Mstari wa mwisho ulikuwa umeandikwa kwa kalamu ileile, mwandiko uleule uliolala kushoto: *Sindano ya 8. HAIKUCHOMWA. Homa. Kikohozi siku ya kumi. Nimempigia Tumaini. Amesema tusichome, tuje Jumatatu, apigwe picha ya kifua.*

"Siku ya kumi," alisema Atupele. "Ulingoja siku zote hizo?"

Felista alikunja kitambaa cha mezani, akakikunjua.

"Alikuwa akitoka nje kukohoa. Anakwenda nyuma ya migomba, anafunga mdomo kwa shati. Alijua nikimsikia sitamchoma. Ijumaa usiku ndipo nilipoona shati lina damu."

---

Nje, Jubilate aliegemea pikipiki.

"Mtu anaandika anachotaka kwenye daftari, afande. Hata mimi nikikosea, naweza kwenda nyumbani nikaandika sikukosea."

"Kweli."

"Sindano ya nane isipopatikana, mama huyu amekwisha."

"Ndiyo maana tunaitafuta."

Atupele alipiga namba ya kliniki aliyopewa. Muuguzi Tumaini alikuwa na sauti ya mtu anayeongea huku anaandika.

"Felista nakumbuka," alisema. "Anauliza maswali kuliko madaktari wanafunzi. Ndiyo, alinipigia Jumamosi, asubuhi. Nilimwambia asichome. Dawa ile inatuliza kinga ya mwili ili iache kushambulia ngozi. Lakini kinga ikitulizwa, ugonjwa mwingine unapata mwanya, hasa kifua kikuu. Ndiyo maana kabla ya kuanza tunapima kifua na homa ya ini. Zebedayo alipimwa, alikuwa safi."

"Majibu ya makohozi yaliyotoka baada ya kifo yanasema kifua kikuu kilichosambaa."

Kalamu upande wa pili iliacha kuandika.

"Basi aliupata baadaye, au ulikuwa umejificha. Hutokea. Lakini hutibika, afande, ukiwahiwa. Zahanati walisema nini walipoona kadi?"

"Kadi gani?"

"Kadi ya tahadhari. Kila mgonjwa wangu wa dawa hii anayo, ina picha yake. Anapaswa kuionyesha kwa kila mhudumu wa afya, hata akienda kung'oa jino. Nimeichapa mwenyewe hapa kliniki."

"Imeandikwa nini? Nisomee neno kwa neno."

Tumaini alisoma. Atupele aliandika polepole. Alipofika sentensi ya nne aliinua mkono kumzuia Jubilate asiwashe pikipiki.

"Rudia hiyo."

"'Dawa hii isichomwe mgonjwa akiwa na homa, kikohozi kisichoisha, au kidonda chenye usaha.'"

Alipomaliza simu, Atupele alifungua jalada kwenye maelezo ya mlalamikaji, akamwonyesha Jubilate kwa kidole. Samsoni, mkulima wa kokoa na mpunga, darasa la saba, alikuwa amemwambia askari wa zamu: *Kila mtu anajua dawa ile haichomwi mtu mwenye homa, kikohozi kisichoisha, au kidonda chenye usaha.*

"Mimi sikujua," alisema Jubilate.

"Wala mimi. Na chini hapa, swali la sita. Uliona karatasi yoyote ya dawa ya marehemu? Jibu, sikuona."

Jubilate alikaa kwenye pikipiki. "Huyu mzee ana kichwa kizuri sana kwa mtu ambaye hakuona."

---

Zahanati alikopelekwa na kaka yake ilikuwa ya mpakani, chumba cha mbele na mabenchi ya mbao. Tabibu Ambrose alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alikitoa kitabu cha wagonjwa kabla hajaombwa.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Niliposikia amefariki nilikirudia kitabu mara tatu."

Mstari ulikuwa wa Jumatatu, siku moja baada ya Zebedayo kuondoka Mbugani. *Mwanamume, miaka 47. Homa, kikohozi. Kipimo cha malaria: hakuna vimelea. Nimonia. Dawa anazotumia: hakuna. Magonjwa ya kudumu: hakuna. Maelezo yametolewa na: kaka wa mgonjwa.*

"Mgonjwa mwenyewe hakusema?"

"Alikuwa anatweta. Kila akifungua mdomo kaka yake alimjibia. Nikauliza, anatumia dawa yoyote? Akasema hapana. Nikauliza tena, nikamtazama mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa akaangalia chini."

"Ukamwangalia ngozi?"

"Ilikuwa safi. Hakuna cha kunifanya niulize zaidi." Ambrose alifunga kitabu. "Ningeiona kadi ya namna hiyo, saa ileile ningempeleka mjini. Nilimpa vidonge vya siku tano, nikamwambia arudi. Alirudi Jumamosi, amebebwa. Hapo nikaita gari."

"Nani alimbeba?"

"Kaka yake na binti wa kaka yake. Yule binti ndiye alimuuguza. Nilimwambia naye aje apimwe kifua baada ya matanga. Hajaja."

Atupele aliandika jina la binti: Ikupa.

---

Njia ya kwa Samsoni ilipita kati ya mashamba ya mpunga, kisha ikaingia kwenye kivuli cha kokoa na migomba. Joto lilikuwa zito. Upande wa kulia, chini ya kingo, ulisikika Mto Songwe, na ng'ambo yake Malawi. Uani kokoa ilikuwa imeanikwa juu ya mikeka. Samsoni alikuwa akiigeuza kwa reki ya mti. Alikuwa mtu mkubwa wa miaka sitini na kitu, mwenye kichwa kilekile chembamba cha kwenye picha ya ziwani.

"Ndaga, afande. Karibuni. Mmemkamata?"

"Ndaga, mzee. Bado tunaandika."

"Mnaandika mpaka lini? Mtu wangu yuko ardhini."

"Kokoa mwaka huu nzuri," alisema Jubilate, akiitazama mikeka. "Au ni ya kulishia wakwe? Nasikia kuna ng'ombe wanavuka mto."

Samsoni alicheka kidogo, kwa kujilazimisha. "Wewe kijana, nani amekuambia? Ndiyo, Ikupa wangu ameposwa Karonga. Watu wa heshima. Mshenga amekuja mara mbili. Ya tatu wanakuja wenyewe, Jumapili hii."

Ikupa alitoka na viti. Alikuwa na miaka ishirini na sita hivi. Jua lilikuwa utosini, na yeye alikuwa amevaa blauzi ya mikono mirefu iliyofungwa vifungo mpaka kwenye vifundo vya mikono, na kilemba kilichoshuka chini ya masikio. Alipiga goti kidogo kumsalimia Atupele. Alipoinuka aligeukia ukutani, akakohoa kwenye kiganja.

Atupele alikaa. Hakufungua jalada.

"Mzee Samsoni, nisaidie jambo moja, mwandiko wa askari wetu ni mbaya. Ulisema ile dawa haichomwi mtu mwenye nini?"

"Mwenye homa," alisema Samsoni. "Kikohozi kisichoisha. Au kidonda chenye usaha."

"Nani alikufundisha?"

"Kila mtu anajua."

"Sisi wawili hatukujua mpaka leo asubuhi. Ikupa, wewe ulijua?"

"Nini, mama?"

"Kwamba sindano ya baba yako mdogo haichomwi mtu mwenye kikohozi."

Ikupa alimtazama baba yake. Reki ilikuwa imesimama.

"Hapana," alisema. "Baba hakuniambia."

Kuku alipanda juu ya mkeka, akatawanya kokoa, na hakuna aliyemfukuza.

"Siku ndugu yako alipokufa," alisema Atupele, "shemeji yako anasema ulimwomba ufunguo wa nyumba ya Mbugani, ukalete suti ya kuzikia. Ulileta suti. Ulileta nini kingine?"

"Suti tu."

"Chupa ya uji ya mdomo mpana?"

Samsoni alianza tena kugeuza kokoa. Ikupa ndiye aliyeondoka. Aliingia nyumba ya jikoni, akatoka ameikumbatia chupa nyekundu, plasta imebandikwa kwenye mpini. Aliiweka miguuni pa Atupele, akarudi nyuma hatua mbili.

Jubilate alivaa glovu, akafungua. Ndani palikuwa na mabonge ya barafu iliyoanza kuyeyuka, na katikati yake, bila taulo, kalamu moja. Alishika nchani akaisoma namba. Atupele alisoma ya kwenye daftari lake. Zilifanana mpaka tarakimu ya mwisho. Kifuniko cha sindano kilikuwa hakijang'olewa, na muhuri ulikuwa mzima.

"Ya nane," alisema Jubilate. "Haijamchoma mtu."

Atupele aliigeuza juani. Kwenye kidirisha, dawa iliyopaswa kuwa angavu ilikuwa na ukungu na vipande vyeupe vinavyoelea.

"Barafu umeipata wapi?"

"Kwa muuza samaki," alisema Ikupa. "Kila asubuhi. Baba aliniambia inakaa kwenye baridi."

"Imeganda na kuyeyuka. Haifai hata kwa mwenyewe. Na si yako, Ikupa. Hukupimwa kifua wala ini. Hakuna daktari aliyekuandikia." Aliinuka akamsogelea. "Naomba nione mkono."

Binti alifungua vifungo viwili, akapandisha mkono wa blauzi. Kiwikoni palikuwa na baka jekundu kubwa kama kiganja, magamba meupe yanang'aa juani. Akaurudisha upesi.

"Ulitaka kuichoma lini?"

"Jumamosi. Baba alisema kabla wakwe hawajafika. Alisema nijichome mwenyewe." Alikohoa tena, akangoja kiishe. "Siwezi. Nilikwenda kwa mama mdogo mara mbili, nimwombe anichome. Yeye ndiye anayejua. Nilisimama kwenye ua. Nikamwona ndani, amekaa peke yake. Nikasema, baba yangu anamwita muuaji, mimi nitaingiaje kumwomba? Nikarudi."

"Unakohoa tangu lini?"

"Wiki mbili."

Samsoni aliiacha reki ikaanguka.

"Ni vumbi la kokoa," alisema.

"Ulisoma kadi, mzee," alisema Atupele. "Unajua si vumbi."

Samsoni alikwenda ndani mwenyewe, bila kuambiwa. Jubilate alimfuata mlangoni. Koti la kijivu lilikuwa limetundikwa pale ukutani; kwenye kugawa nguo za marehemu, koti lilikuwa limemwangukia kaka mtu, na hakuna aliyeshangaa. Lakini hakuligusa. Alichukua Biblia kutoka dirishani, akaitoa kadi ya njano iliyokunjwa mara moja. Zebedayo alitazama mbele kwenye picha, amevaa shati la mikono mifupi.

"Ningeichoma moto," alisema Samsoni. "Lakini ina sura yake."

"Ulikuwa nayo siku ile zahanati?"

"Mfukoni mwa koti. Alitaka kuitoa. Nikamshika mkono." Alikaa kwenye gogo. "Pale kwenye benchi alikuwepo mama wa Karonga, wa ukoo uleule wa wakwe, amekuja kwa ajili ya mguu wake. Masikio yote yako pale. Wanaposa mtu huku wanauliza: kwenu kuna ugonjwa gani? Baba yenu alikufa na nini? Wangesikia ukoo una ngozi ile, tena tunachomwa dawa ya kupunguza kinga, nani angevuka mto na ng'ombe? Nikasema, atapewa dawa ya kifua, atapona, tutakwenda Mbeya kimyakimya. Shemeji alikuja kesho yake akaniambia, waonyeshe kadi. Nikamwambia nimesikia, shemeji. Akaniamini akaenda zake kufunga nyumba."

"Na kumsingizia shemeji yako sindano?"

"Matangani waliniuliza amekufa na nini. Nikasema, sindano ya mkewe. Nilipokwisha kusema mbele ya watu, sikupata mahali pa kurudia."

Atupele aliandika yote. Akamsomea. Samsoni aliweka saini kwa herufi kubwa, mkono wake ukikaza kama anayechimba.

"Utanifunga?"

"Ijumaa utakuja kituoni na kuandika maelezo ya onyo. Mkuu wa upelelezi na waendesha mashtaka ndio wataamua." Alifunga jalada. "Lakini kabla ya hapo utatuma mtu Karonga, awaambie wakwe wasije Jumapili."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba binti anaumwa."

Ikupa alikuwa ameinama, anakusanya kokoa alizotawanya kuku. Alizirudisha mkekani moja moja.

---

Jioni Felista alifungua mlango kabla hawajabisha. Atupele alimweleza akiwa amesimama: sindano imepatikana, muhuri mzima, namba ni ya boksi lake, daftari lake ni la kweli, jalada litaandikwa hivyo. Akamweleza na habari ya kadi, jinsi Samsoni alivyomshika Zebedayo mkono zahanati. Hatashitakiwa. Kuhusu nyumba, hakuna wa ukoo mwenye haki ya kumtoa, na akisumbuliwa aende kwa mwenyekiti wa mtaa na barua ambayo Atupele angeiandika.

Felista alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo aliitoa kadi," alisema.

"Alitaka kuitoa."

"Nilimwambia kila siku, usitoke bila kadi, uionyeshe. Nilidhani aliona aibu." Alikaa. "Aliitoa."

Kisha alisimama, akaondoa kitambaa kwenye sinia, akamimina chai kwenye vikombe vitatu. Jubilate alikunywa chake chote. Atupele alimweleza habari za Ikupa: baka, kikohozi, na jinsi alivyosimama uani mara mbili akarudi.

"Alhamisi iliyopita nilisikia mtu uani," alisema Felista. "Nikadhani wamekuja kuangalia kama nimeshahama. Sikutoka."

"Tabibu Ambrose atampima makohozi kesho. Lakini nimempigia Tumaini, naye anataka aione na ngozi, waanze na kifua kwanza, mambo ya sindano baadaye, kama yatakuwepo. Na wewe unatakiwa kupimwa. Uliishi naye."

"Lini?"

"Jumatatu, Mbeya."

Felista alitazama friji, kisha dumu tupu pale jikoni. Kalamu saba na ile ya nane zitakaa chumba cha vielelezo mpaka kesi iishe, kisha zitapelekwa hospitali zikachomwe moto kwenye tanuru lao. Daftari la bluu litarudishwa kwake.

"Basi la saa kumi na mbili linajaa mapema," alisema. "Ikupa aje alale hapa Jumapili."

Jumatatu Ikupa atapimwa. Felista ndiye atakayempeleka, kwa sababu katika ukoo mzima hakuna mwingine anayeujua mlango wa kliniki ile.